Kupe Wanaongoja Ngitilini

Asubuhi ile nilihesabu kupe wa ufito mmoja nikaishia njiani. Nilikuwa nimefika elfu mbili na mia tatu, na nilikuwa sijashuka hata kiganja kimoja kutoka nchani. Nikafunga daftari nikakaa chini.

Kazi yangu ni kupe, na nimeifanya miaka kumi na tisa. Watu wa Kata ya Mwagindu wananiita Mama Kupe. Jina hilo lilinikera mwanzoni, kisha nikalinyamazia, maana jina la utani ukilikasirikia umelipigia mhuri. Jina langu hasa ni Limi Shigela, afisa wa Mradi wa Fito, na kama kuna mtu katika nchi hii anayejua namna kupe anavyongoja, basi ni mimi.

Kupe mwenye njaa hamkimbilii mnyama. Anapanda jani hadi nchani, anajishika kwa miguu ya nyuma, na ile ya mbele anaiachia hewani. Pua yake imo katika miguu hiyo ya mbele. Mnyama akipita akipumua, pumzi inamfikia, naye anatandaza miguu yake tayari kudandia. Jua likimkausha anashuka chini kwenye majani yaliyooza kunyonya unyevu, kisha anapanda tena. Panda shuka, panda shuka, hata miaka miwili bila kutia kitu tumboni. Na hawakai mmoja mmoja. Wanakaa rundo, wamebebana na kushikana, kwa sababu rundo halikauki haraka, na aliyetangulia huacha harufu inayowaambia wenzake kuwa hapa panafaa.

Harufu hiyo ndiyo tuliyoiiba. Tuliitia katika vijiti vya nta ngumu, virefu kama mabua ya mtama, tukaviita fito. Ndege ndogo za mradi, zisizo na rubani, zilizichomeka kwa safu. Safu ya kwanza inaita, kupe wanakuja. Baada ya siku kumi inanyamaza, inaita safu ya mbele yake, nao wanahamia huko. Hatua tano leo, hatua tano siku kumi zijazo, misimu mitatu ya mvua mfululizo. Tulikuwa tunachunga kupe, kusema kweli, na tulikuwa tunawapeleka machungani pasipo na kitu cha kula. Mahali hapo kwenye ramani tulipaita uwanja wa njaa. Ni ekari mia mbili na kumi ambazo hazikuwa na unyayo hata mmoja wa ng'ombe. Kupe wa kata nzima wangekusanyika hapo, wangoje, wangoje, wafe.

Umande ulikuwa bado mwingi. Niliinama karibu na ule ufito niliokuwa nikiuhesabu, nikapuliza kidogo. Rundo zima liliinua miguu ya mbele kwa pamoja. Nimeona jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyoona harusi, na kila mara mwili unanisisimka.

Niliamua kutoka kwa upande wa magharibi, ambako sikuwahi kupita. Huko ndiko nilikokuta lango.

Lilikuwa la matawi ya miiba yaliyokatwa wiki hiyo hiyo, yamefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake limening'inizwa fungu la majani mabichi. Kutoka langoni ilienda njia pana, iliyokanyagwa ikawa bonde dogo, yenye samadi ya zamani iliyogeuka udongo. Mahali pasipo ng'ombe hapawekewi lango la ng'ombe.

Nililijua fungu lile la majani. Bibi yangu alikuwa akilining'iniza lake kila masika, kule alikokuwa akiishi kabla mji haujaimeza ardhi yake. Maana yake ni kwamba hapa ni ngitili: malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, yakafunguliwa wakati wa kiangazi, njaa ya mifugo inapobisha hodi. Kola za shingoni mwa ng'ombe, zinazorekodi wanakopita, tulizozitumia kuchora ramani, zilikuwa zimesomwa kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo hakuna Msukuma mwenye akili timamu anayeingiza ng'ombe ngitilini. Mashine iliona weupe ikasema hapa hapana mtu. Nami, mjukuu wa mwenye ngitili, nikaweka kidole gumba changu juu ya kioo nikakubali, kwa kuwa nilidhani ngitili zilikwisha kufa pamoja na bibi.

Kwa miaka miwili mfululizo mvua ilikuwa njema, ngitili haikufunguliwa. Mwaka huu kila kitu nje ya miiba ile kilikuwa vumbi.

*

Dkt. Mwinshehe, mkuu wa mradi, alinisikiliza bila kunikatiza. Sura yake ilikuwa kwenye kioo cha mbele cha gari, na nyuma yake nyasi zilikuwa zikionekana, kwa hiyo ilikuwa kama anazungumza nami akiwa amekaa katikati ya kupe. Aliniuliza itafunguliwa lini. Nikamwambia nimeshaulizia sokoni: dagashida, yaani baraza la wanakijiji wote, litakaa Jumamosi, na ngitili itafunguliwa siku tisa baadaye. Ng'ombe elfu mbili na mia sita.

Tulipitia njia zote. Dawa ya kunyunyizia haikufaa, kwani kupe wa siku hizi wanaoga dawa ya josho na kutoka wasafi tu, na ndiyo sababu fito zilibuniwa. Kuchoma moto ngitili kungeua kupe na malisho kwa mkupuo mmoja. Kuzinyamazisha fito kungewatawanya kupe nyasini, wasipatikane tena. Kuwarudisha walikotoka kungetaka misimu mitatu mingine, na walikotoka ni kwenye mazizi.

Kisha akaja na lake. Nitangaze kimeta. Afisa mifugo akisema kimeta, hakuna anayebishana. Lango litabaki limefungwa, na baada ya miezi kumi na minne, ukijumlisha na waliyokwisha kungoja, kupe wote watakuwa maganda matupu.

Nikamuuliza ng'ombe wa Mwagindu watakula nini miezi hiyo.

Hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Alikulia Kilosa akichunga mbuzi wa shangazi yake, na alijua mnyama mwenye njaa anavyokutazama. Akanikumbusha hesabu ambayo mimi mwenyewe niliiandika. Kabla ya fito, ndama watatu katika kila kumi walikufa kwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi na kujaza mapafu maji. Sasa hafi hata mmoja katika hamsini. Lakini ndama hao hawajawahi kuumwa na kupe, na damu yao haiujui ugonjwa. Watu wakisikia kwamba fito zimejaza kupe katika malisho ya wenzao, watazing'oa katika kata zote arobaini na moja. Kupe watarudi kwa ndama ambao hawana kinga yoyote.

"Dada Limi," alisema, "kata moja ikonde, au kata arobaini zizike. Mimi sioni la tatu. Ukiliona, nipigie."

Nilikaa garini hadi kioo kikazimika chenyewe. Sikuliona la tatu. Mchana nikachapa bendera thelathini nyekundu zenye kichwa cha ng'ombe na mstari mweusi.

*

Nilipofika langoni kesho yake nilimkuta mlinzi wa ngitili, mama mmoja wa miaka sabini hivi, amevaa buti mbili zisizofanana, moja nyeusi na moja ya kijani. Anaitwa Nyanzobe. Alikuwa akikata miiba ya kuongezea, na kando yake amefungwa ng'ombe jike aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. Ng'ombe yule alikuwa akilia bila kupumzika.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama, naye akaniitikia kama mwanawe.

"Mwangaluka, ng'wanone. Usimjali huyu. Anaitwa Diwani. Kelele mwaka mzima, halafu ukiuliza amefanya nini, huoni."

Nilicheka, na kicheko kile kikanifanya nijione duni zaidi. Akaziona bendera. Akauliza ni za harusi ya nani.

Nikamwambia. Niliitumia sauti yangu ya kiofisi, ile isiyo na mtu ndani yake. Nilisema vipimo vimeonyesha kimeta katika udongo, na ngitili haitafunguliwa mwaka huu wala nusu ya mwaka ujao.

Nilijiandaa kwa ubishi. Nilikuwa na majibu yote, moja moja, na mengi yalikuwa ya kweli kabisa kama elimu. Nyanzobe hakubisha. Aliweka panga chini, akakaa juu ya rundo la miiba aliyoikata, upande usio na miiba, Diwani akiendelea kulia.

"Ahsante kwa kutuambia mapema," alisema mwishowe. "Ungenyamaza tungewamaliza wote."

Halafu akaanza kufikiri kwa sauti. Kimeta ni cha mzoga, si ndiyo? Basi kuna mnyama alikufa humo. Na kama kuna mnyama alikufa humo, kuna mnyama aliingia. Na kama aliingia, mlinzi alikuwa wapi? Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akakikunja tena. Mwezi wa sita aliumwa kiuno siku mbili, hakufika langoni. Labda ni siku hizo. Alimtuma mkwewe, naye huyo mkwewe anapenda kulala. Ndiyo, itakuwa siku hizo mbili.

Nilimwambia kwamba huenda kimeta kilikuwapo ardhini tangu zamani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu ambaye mgeni anajaribu kumfariji.

"Ngitili hii ililindwa na baba mkwe wangu, na mama yake kabla yake. Jumamosi nitasimama mbele ya dagashida niseme ni mimi. Afadhali mtu ajisemee. Anayejisemea anapewa kazi ya kufanya. Anayesemewa na wengine anatengwa: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzika."

Nilichomeka bendera nne. Ya tano haikuingia ardhini, au mikono yangu ilikataa. Niliondoka na ishirini na sita garini, na sauti ya Diwani ikanifuata hadi barabara kuu.

*

Dagashida ilikaa katika bohari la zamani la pamba, kwa sababu lina kivuli na linachukua watu mia nane. Juu ya mlango bado kuna maandishi ya chama cha ushirika kilichokufa kabla sijazaliwa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja, na mbele yao Lugembe, nsumba ntale wa Mwagindu, yaani mkuu wa kazi za pamoja. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye bega moja lililo chini kuliko jingine. Yeye ndiye anayeamua safu za jembe zianzie wapi na ngoma ipige lini.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Nilikuja kuthibitisha kimeta endapo nitaulizwa. Sikuulizwa. Habari ilikuwa imeshaenea, bendera zangu nne zilitosha, na watu walikuwa wanajadili ni ng'ombe wepi wa kuchinja kabla hawajakonda zaidi. Walijadili kwa utaratibu, bila kelele. Wanawake wawili walikuwa wakilia, lakini kimyakimya, wakiendelea kusikiliza.

Kisha Nyanzobe akasimama na buti zake mbili.

Alianza na baba mkwe wake. Alitaja miaka. Alitaja kiangazi ambacho ngitili hii iliokoa kata tatu. Alipofika kwenye zile siku mbili za mwezi wa sita, alianza, akaacha, akaanza upya. Nilimwona Lugembe akiinamisha kichwa. Niliwaona watu wakianza kumtazama mama yule kwa namna mpya, si kwa hasira, bali kama mtu anavyotazama chungu alichokipenda baada ya kuona ufa.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesimama bila kuyaona macho yale. Kata moja dhidi ya kata arobaini: hesabu ile niliielewa, na hadi leo sijaona mahali ilipokosewa. Lakini haikuwa na siku mbili za mwezi wa sita ndani yake. Nilisimama kwa sababu mtu alikuwa anajitafutia kosa ambalo nilikuwa nalo mfukoni.

"Mayu, kaa," nilisema. "Hakuna kimeta. Kuna kupe. Ni wangu."

Nilieleza yote. Kola, miezi mitano, weupe kwenye ramani, kidole gumba. Fito ambazo waliambiwa na watu wetu kuwa ni vipima mvua, maana hilo nalo lilifanyika. Nikawaambia kupe wangapi. Idadi kubwa haishiki akilini, kwa hiyo niliwaambia hivi: kila ng'ombe wa Mwagindu akiingia mle siku ya kwanza, kabla ya jua kutua masikio yake hayataonekana.

Ghasia ilikuja kwa kuchelewa, kama mvua ya mbali. Mtu mmoja alitaka fito zote zing'olewe leo hii. Mwingine alitaka ning'olewe mimi. Lugembe aliwaacha hadi wakachoka, kisha akaniuliza swali ambalo Dkt. Mwinshehe hakuniuliza, wala mimi sikujiuliza.

"Hawa kupe, alfajiri wanakuwa wapi?"

Nikamjibu wanakuwa juu kabisa, nchani mwa fito, wakati umande haujakauka. Wamelegea kwa baridi.

"Mtu akija taratibu akaufunika ufito kwa mfuko, akaukata?"

Nikasema ndege zetu hazikuweza, upepo wake huwaangusha kupe.

"Sijauliza ndege. Nimeuliza mtu."

Nilifikiri. Fito mle ndani zilikuwa elfu sita na mia nne. Mtu angeweza, ikiwa atabana pumzi, kwa sababu pumzi ndiyo inayowaamsha. Wengi wangeingia mfukoni. Ila wapo watakaoanguka, na hao watajificha kwenye majani makavu wangoje miaka miwili, isipokuwa pakiwa na pumzi karibu ya kuwaita watoke. Lazima mtu atembee nyuma ya safu ya wakataji, polepole, akipumua. Watampanda yeye.

Nilisema hayo kama afisa anavyotoa maelezo. Nilipomaliza, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho katika bohari zima kuelewa nilichosema.

"Miaka mitatu ulikuwa unawaita waje kwetu," Lugembe alisema, wala hakupandisha sauti. "Sasa utawaita waje kwako."

*

Wasukuma hulima kwa ngoma. Safu ya majembe hamsini inapanda na kushuka kwa wimbo mmoja, na makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yamekuwa yakishindana hivyo tangu enzi za mababu. Asubuhi ile ya kwanza walikuja wote, kila kundi upande wake, na hapakuwa na ngoma wala wimbo. Pumzi ilikuwa marufuku, sembuse wimbo. Lugembe alisimama mbele na mkia wa ng'ombe mkononi. Akiuinua, safu inavuta hewa na kubana. Akiushusha, mifuko mia tatu inashuka juu ya fito mia tatu, visu vinakata, kamba zinafungwa, na safu inarudi hatua tatu kupumua. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikifanywa kwa ajili ya kitu kibaya namna ile. Kamba za mifuko zilikuwa bendera zangu nyekundu, zimepasuliwa vipande.

Mimi nilikuja nyuma yao, katika kanzu nyeupe niliyoazimwa, miguu mitupu. Nilitembea kama bibi harusi asiye na bwana. Kazi yangu ilikuwa kupumua. Unadhani kupumua ni jambo dogo hadi siku utakapojua kila pumzi inasikika. Walitoka chini ya majani, wa hudhurungi, wadogo kama mbegu za ulezi na wakubwa kama punje za mtama, wakaja. Nilikuwa nimewasoma miaka kumi na tisa kwa darubini, na sikujua kwamba miguu yao ina uzito. Mmoja humsikii. Mia tano unawasikia.

Jua lilipokausha umande kazi ilisimama. Mifuko ilitumbukizwa katika mapipa ya maji ya moto. Nami nilikaa juu ya mkeka nyuma ya pazia la kanga, na Nyanzobe akanitoa kupe mmoja mmoja, akiwatia katika kopo la majivu na maji. Ndiyo kazi waliyompa, kwa sababu vidole vyake viliaminika. Alinigeuza, akaniinua mkono, akapekua nywele zangu, kama unavyomfanyia ndama. Hakunisemesha siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne.

Siku ya tano nilikuwa na homa. Alinipa uji, akasubiri nimalize.

"Zile siku mbili," alisema. "Nilizihesabu hadi nikaona unyayo wa ng'ombe ambao haukuwapo. Nilimlaumu mkwe wangu mbele ya watoto wake. Umenifanya nisiyaamini macho yangu."

"Niwie radhi, mayu."

Alishika kidole changu cha mwisho cha mguu, akakitazama pande zote, akatoa mmoja.

*

Siku ya tisa lango lilifunguliwa. Lugembe alitoa lile fungu la majani, lililokuwa limekauka sasa, akalirusha pembeni. Walikubaliana aingie ng'ombe mmoja kwanza, na Nyanzobe akamtoa wa kwake bila kuombwa.

Diwani alisimama langoni, akanusa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinyamaza. Kisha akaingia akaanza kula. Tulimwacha hadi jua lilipofika utosini. Tukamrudisha, nami nikamkagua masikio, shingo, kiwele, chini ya mkia. Nilikagua mara mbili.

"Kumi na mmoja," nilisema.

Mzee mmoja nyuma yangu akasema ng'ombe wa baba yake walikuwa na zaidi ya hao siku ya sikukuu. Watu wakacheka, kicheko cha kuchoka, na makundi yale mawili yakaanza hapo hapo kubishana nani amekata fito nyingi. Ng'ombe wakaanza kuingia, zizi baada ya zizi, kwa utaratibu wa Lugembe. Ngoma ikarudi.

Simu ya Dkt. Mwinshehe ilikuja wakati huo. Hakufoka. Alinisomea tu. Habari za Mwagindu zilikuwa zimefika kata za jirani kabla ya sisi kumaliza kazi, na Kata ya Ng'wigilu ilikuwa imeng'oa fito zake zote kwa siku moja, mchana, wakati wa upepo. Kupe walikuwa wamedandia mifugo na kurudi mazizini. Ndama kumi na tisa walikuwa wameugua, tezi zimevimba, na watano kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Kata nyingine mbili zilikuwa zinanoa visu. Barua yangu ya kusimamishwa kazi iko njiani, aliongeza, lakini hakupigia hiyo. Alipiga ili nijue idadi.

"Nilikuambia," alisema, na katika sauti yake hapakuwa na ushindi hata kidogo.

"Uliniambia, Daktari. Ulisema kweli."

Nilirudi kwenye mkeka. Nilikuwa nimeingia ngitilini na Diwani asubuhi, kwa hiyo nilipaswa kukaguliwa kama kawaida. Nilimweleza Nyanzobe habari za Ng'wigilu. Nilimwambia ndama watano, na wengine watafuata, na kwamba kila mmoja wao amekufa kwa neno nililolisema katika bohari la pamba. Nililia, na sikujificha. Nilimwambia kuwa hata sasa ningeulizwa nichague, nisingejua kama nilichagua watu wote au nilimchagua yeye peke yake.

Alinisikiliza huku vidole vyake vikifanya kazi nyuma ya sikio langu la kushoto, mahali kupe wa hudhurungi wanapopapenda. Kopo likalia mara moja, kisha mara ya pili.

"Ng'wigilu wana mtu wa kuwaita kupe walioanguka?" aliuliza.

"Hawana."

"Na hizo kata nyingine mbili, wana watu wa kuwafundisha kukata alfajiri?"

"Hawana."

"Kuna mwendo wa siku ngapi?"

Nikamwambia haifiki siku moja kwa gari, ikiwa watu wa mradi hawatakuwa wamekuja kulichukua. Akasema tutaondoka kesho kabla ya jua, yeye na mimi na watu wanne wa kila kundi, na kanzu ataifua leo ikauke. Nilimkumbusha kwamba huko hakuna aliyenihukumu, na huenda wasitake kuniona. Akasema ndiyo maana nitaanza mimi kusema kabla hawajaniuliza.

Kisha akanigusa kidevu, akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Lete sikio la pili," alisema.

Nikamgeuzia.